Wingu Binafsi Linapogoma: Kufuata Dalili Hadi Chanzo Katika OpenStack na Ceph

Mwongozo huu unamlenga fundi anayesimamia wingu binafsi la ukubwa wa kati, yaani seva 3 za usimamizi, seva kadhaa zinazobeba mashine pepe, hifadhi ya Ceph inayosambaza data kwenye diski za seva nyingi, na OpenStack iliyosimikwa kwa zana ya Kolla-Ansible, ambapo kila huduma hukaa ndani ya kontena lake. OpenStack ilianzishwa mwaka 2010 na Rackspace pamoja na NASA, na tangu mwanzo haikuwa programu moja. Nova huendesha mashine pepe, Neutron hushughulikia mtandao, Cinder hugawa diski, Glance hutunza taswira za mifumo endeshi, na Keystone ndiye bawabu anayekagua vitambulisho vya wote. Huduma hizi huwasiliana kupitia hifadhidata ya MariaDB na foleni ya ujumbe ya RabbitMQ. Kwa sababu ya mpangilio huo, huduma inayolalamika kwenye skrini mara nyingi siyo inayoumwa. Hitilafu nyingi nilizozifukuzia ndani ya Nova nimezikuta hatimaye kwenye saa, kwenye majina ya seva, kwenye swichi au kwenye diski iliyojaa.

Kabla ya kuwasha upya kitu chochote, hifadhi logi. Katika Kolla-Ansible logi za huduma nyingi zinapatikana chini ya /var/log/kolla, na kila ombi linaloingia hupewa namba inayoanza na req-, ambayo huandamana na ombi hilo kutoka huduma moja hadi nyingine. Nakili namba hiyo, itafute kwa amri ya grep kwenye seva zote 3 za usimamizi na kwenye seva iliyokusudiwa kubeba mashine, kisha panga mistari kwa muda na usome kosa la kwanza, kwa kuwa yale yanayofuata kwa kawaida ni mwangwi wake. Fundi anayeanza kwa kuwasha upya makontena yote anaweza kuliondoa tatizo kwa saa mbili, lakini atakuwa amejinyima ushahidi wa siku litakaporudi.

Usimikaji unakwama au unamalizika nusu

Hatua ya ukaguzi wa awali, ile ya amri ya prechecks, ikikataa kwa madai kwamba jina la seva halielekei kwenye anwani sahihi, fungua /etc/hosts. Usakinishaji wa Ubuntu una kawaida ya kuandika jina la seva mbele ya 127.0.1.1, na RabbitMQ, ambayo hujenga klasta yake, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, kwa kutumia majina, itajaribu kuwasiliana na wenzake kumbe inajipigia hodi yenyewe. Ondoa mstari huo na uhakikishe kwamba kila seva inalitafsiri jina la kila mwenzake kuwa anwani ya mtandao wa usimamizi.

Usimikaji ukikwama pale unaposubiri anwani ya pamoja ya seva za usimamizi ionekane, sababu za kwanza za kuchunguza ni mbili. Ya kwanza ni kwamba anwani iliyoandikwa kwenye kolla_internal_vip_address inatumiwa tayari na kifaa kingine, au haimo kabisa katika mtandao wa kiolesura cha usimamizi. Ya pili ni ya kichinichini zaidi: keepalived, inayoihamisha anwani hiyo kati ya seva, huanza na namba ya utambulisho 51, na ikiwa kuna klasta nyingine ya majaribio kwenye mtandao uleule yenye namba hiyohiyo, klasta hizo mbili zitanyang'anyana uongozi bila mojawapo kutoa kosa linaloeleweka. Utakachoona ni anwani inayotokea na kutoweka. Badilisha keepalived_virtual_router_id ya klasta moja na ugomvi utaisha.

Na ukipoteza mawasiliano ya SSH na seva katikati ya usimikaji, tazama kiolesura ulichokitaja kwenye neutron_external_interface. Kiolesura hicho humezwa na daraja la Neutron, kwa hiyo hakitakiwi kuwa na anwani ya IP. Anayekitaja kiolesura kilekile anachoingilia kwenye seva anakata tawi alilokalia.

Huduma zinakubali mara moja na kukataa mara nyingine

Mtumiaji anaingia, anabofya, anaambiwa hana ruhusa, anabofya tena na mambo yanakwenda. Dalili hii ya kukubali na kukataa bila utaratibu karibu kila mara ina maana kwamba seva moja kati ya 3 haikubaliani na wenzake, na HAProxy, inayogawa maombi kati ya seva, inampeleka mtumiaji huku na huku.

Anza na saa. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC, ilhali Linux kwa kawaida huichukulia saa iliyomo kwenye ubao wa seva kuwa ni UTC. Fundi aliyeiweka saa hiyo kwa kutazama saa yake ya mkononi ameisogeza seva saa 3 mbele, na kosa hilo linaweza kujificha nyuma ya chrony, programu inayosawazisha saa kupitia mtandao, hadi siku seva itakapowaka huku haivifikii vyanzo vya muda. Tokeni, yaani kibali cha muda ambacho Keystone humpa mtumiaji, kwa mpangilio wa asili wa Keystone huishi sekunde 3600, yaani saa moja (Kolla-Ansible huweza kuurefusha muda huo, kwa hiyo kagua wako); kwa muda huo wa saa moja, tokeni iliyotolewa dakika hii na seva iliyo sahihi, ikifika kwenye seva iliyo saa 3 mbele, itaonekana imekwisha muda tangu saa mbili zilizopita. Vivyo hivyo Nova huihesabu huduma kuwa imekufa ikiwa ripoti yake ya mwisho ina umri wa zaidi ya sekunde 60, na saa za seva za usimamizi zikipishana kuliko hapo, utaona huduma zilezile zikiorodheshwa kuwa hai na kufa kwa zamu, ingawa hakuna iliyosimama.

Endesha date -u na chronyc tracking kwenye kila seva na ulinganishe. Tofauti ya saa 3 kamili inakuambia ni saa ya ubao. Tofauti ya sekunde chache inayokua polepole inakuambia kwamba chrony haipati chanzo. Ikiwa wingu lako halina njia ya kutoka kwenda intaneti, teua seva moja au kifaa cha mtandao kuwa chanzo cha muda cha ndani, kwa sababu saa zote kukubaliana kuna uzito zaidi kuliko zote kuwa sahihi kabisa. Ceph ni mkali kuliko wote katika jambo hili: wasimamizi wake (monitor) hulalamika tofauti ikizidi sekunde 0.05.

Saa zikiwa sawa, linganisha funguo za Fernet ambazo Keystone huzitumia kufungia tokeni. Funguo hizo huzungushwa kwa ratiba na kusambazwa kwenye seva zote, na usambazaji ukikatika kwa seva moja, seva hiyo itashindwa kuzisoma tokeni za wenzake. Kupiga md5sum, amri inayoonyesha kama faili zinafanana, kwenye faili hizo katika seva zote 3 humaliza swali hili kwa dakika moja.

"No valid host was found"

Ujumbe huu ndio unaowachanganya wengi, kwa kuwa unasomeka kana kwamba nafasi imekwisha. Kwa kweli unasema tu kwamba baada ya mpangaji wa Nova (scheduler) kuzichuja seva za kubeba mashine, haikubaki hata moja, na sababu za kuchujwa ni nyingi.

Endesha openstack compute service list. Ikiwa seva inaonekana imekufa, rudi kwenye saa na kwenye RabbitMQ. Ikiwa seva mpya iko hai lakini haipati mashine hata moja, yawezekana haijaandikishwa kwenye seli, yaani kundi la seva ambalo Nova hulitambua, na amri ya nova-manage cell_v2 discover_hosts ndiyo dawa. Ikiwa zote zinaonekana nzima, iulize Placement, ambayo ndiyo yenye daftari la rasilimali. Matoleo ya miaka mingi yalianza na uwiano wa kugawa zaidi ya kilichopo wa 16 kwa CPU na 1.5 kwa kumbukumbu, maana yake ni kwamba seva yenye gigabaiti 128 ilihesabiwa kuwa na 192; ukiupunguza uwiano huo kwa sababu mashine zimeanza kuuawa kwa kukosa kumbukumbu, seva iliyokuwa na nafasi jana leo itahesabiwa imejaa kupita kiasi.

Daftari la Placement pia hubeba mizimu. Mashine iliyofutwa wakati seva yake imezimika, au uhamisho uliokatika katikati, unaweza kuacha hesabu inayoendelea kula nafasi ingawa mwenyewe hayupo. Amri ya nova-manage placement audit huzitaja hesabu hizo. Zipitie moja moja kabla ya kuamuru zifutwe.

Kuna pia hali ambapo mchujo ulifaulu na mashine ikafia seva ilikopelekwa. Nova hujaribu hadi seva 3, kisha hukata tamaa na kutoa ujumbe unaofanana na huo. Hapo mpangaji hana kosa. Nenda kwenye logi ya nova-compute ya seva ya kwanza iliyojaribiwa, na mara nyingi utakuta Neutron imeshindwa kuufunga mlango wa mtandao kwa sababu wakala wake kwenye seva hiyo amesimama.

Ping inapita, SSH inaganda

Mashine pepe inajibu ping vizuri, lakini SSH inafunguka na kuganda kabla ya kuomba nywila. Ukurasa mdogo wa tovuti unafunguka na ule mkubwa unabaki mweupe. Huna haja ya kugusa kanuni za usalama, kwa kuwa kanuni zingeizuia SSH isifunguke kabisa. Hapa pakiti ndogo zinapita na kubwa zinakwama.

VXLAN, ambayo Neutron huitumia kutenganisha mitandao ya wateja, huifunga kila pakiti ndani ya bahasha ya baiti 50. Ikiwa mtandao wa chini unaruhusu baiti 1500, mashine pepe inabakiwa na 1450, na Neutron huitangazia thamani hiyo kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao. Matatizo huja kwa njia tatu ambazo nimezikuta kwa nyakati tofauti. Mtu ameweka global_physnet_mtu, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, kuwa 9000 kwa kutarajia kasi, lakini bandari moja ya swichi moja imebaki na 1500. Au mashine pepe imepewa anwani kwa mkono, kwa hiyo haikuusikia ushauri wa DHCP na inaendelea na 1500. Au, na hii ndiyo inayochelewa kugunduliwa, ndani ya mashine pepe kuna Docker, programu ya kuendesha makontena: kiolesura cha mashine kina 1450, lakini daraja la Docker lina 1500 yake ya kuzaliwa, hivyo mashine yenyewe inapakua kila kitu na makontena yaliyomo hayapakui chochote.

Kipimo ni ping isiyoruhusu kukatwa vipande. Kati ya seva mbili za chini, zikidai 9000, tumia ping -M do -s 8972, kwa kuwa baiti 28 zilizobaki ni vichwa vya IP na ICMP; kati ya mashine pepe zenye 1450, tumia -s 1422. Jaribu kila jozi ya seva, siyo moja tu. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu jozi nilizozipima zilikuwa zote kwenye swichi ya juu ya raki, na bandari mbovu ilikuwa kwenye ile ya chini.

Umeme umerudi, wingu halijarudi

Hili ndilo tukio linalostahili kufanyiwa mazoezi kabla halijatokea. Katika chumba kimoja cha seva nilichowahi kukihudumia, umeme ulikatika usiku, jenereta ikakataa, na betri za dharura zikaisha baada ya kama dakika ishirini, bila yeyote kuwa ameziagiza seva zijizime kwa utaratibu. Umeme uliporudi seva zote ziliwaka kwa pamoja, taa zikawa za kijani, na hakuna huduma hata moja iliyojibu.

Kilichotangulia kukwama kilikuwa hifadhidata. Klasta ya Galera, mfumo unaozifanya MariaDB za seva kadhaa kubeba data ileile, ikiwa na nodi (seva) 3 hufanya kazi kwa akidi, kama Bunge: wawili wakiwapo kikao kinaendelea, mmoja akibaki peke yake kinaahirishwa. Nodi zote zikizimika ghafla, hakuna inayojua kama ndiyo ya mwisho kuandika, kwa hiyo kila moja inasubiri mwenzake aanze. Ukifungua faili la grastate.dat kwenye kila nodi utaona seqno: -1 na safe_to_bootstrap: 0 kote kote.

Kishawishi hapa ni kuibadilisha 0 iwe 1 kwenye nodi ya kwanza uliyoingia, na ukifanya hivyo klasta itaamka kweli. Lakini ikiwa nodi hiyo ilikuwa nyuma ya wenzake, wao watajiunga kwa kunakili kutoka kwake, na maandishi ya mwisho waliyokuwa nayo yatafutwa. Utayajua madhara baadaye, pale utakapokuta diski ndani ya Ceph ambazo Cinder haizijui kabisa. Njia sahihi ni kuiuliza kila nodi namba ya muamala wake wa mwisho kwa --wsrep-recover na kuanza na yenye namba kubwa. Kolla-Ansible hufanya kazi hiyo yote kwa amri ya mariadb_recovery, ambayo matoleo mapya huiandika mariadb-recovery. Usiridhike mpaka wsrep_cluster_size iseme 3 na kila nodi iseme Synced.

RabbitMQ ina tabia inayofanana. Nodi iliyozimika mapema humsubiri mwenzake aliyezimika mwisho, na kwa kawaida hujaribu mara 10 kwa sekunde 30, yaani dakika 5, kisha hufa na kontena kuwashwa upya. Anayewasha nodi moja, akangoja iwe tayari, ndipo awashe ya pili, anaweza kusubiri hadi asubuhi. Ziwashe zote 3 kwa wakati mmoja, kisha soma rabbitmqctl cluster_status. Kama nodi mbili zinaonana na ya tatu inajiona iko peke yake, kuna mgawanyiko wa mtandao. Tafuta kwanza sababu ya mgawanyiko, ndipo uiwashe upya ile iliyojitenga.

Baada ya tukio lile tuliandika utaratibu wa kuwasha na kuubandika kwenye mlango wa raki: swichi kwanza, na kusubiri hadi ziwe tayari kabisa, kwa sababu swichi kubwa huweza kuchukua dakika kadhaa ilhali seva imeshamaliza kuwaka na kuukosa mtandao, kisha chanzo cha muda na seva ya majina, kisha Ceph, kisha seva za usimamizi, na mwisho seva zinazobeba mashine pepe.

Diski za polepole na Ceph inayolalamika

Ceph huanza kuonya diski ikifika asilimia 85, hukataa kujaza upya diski iliyofika 90, na kwenye 95 husimamisha uandishi wote. Mashine pepe hapo haziambiwi kwamba nafasi imekwisha. Zinaganda tu, na mtumiaji ataripoti kwamba "mtandao uko chini". Hata kufuta kunaweza kukataliwa. Kinachosaidia ni kupandisha kizingiti kidogo sana kwa muda, kwa mfano ceph osd set-full-ratio 0.96, kufuta kisichohitajika, na kukirudisha mara moja.

Hesabu ya nafasi ndiyo inayowaponza wengi. Chukua seva 4 zinazotunza nakala 3 za kila data, kila moja ikiwa imejaa kwa asilimia 80. Seva moja ikifa, mzigo wake unagawanywa kwa 3 zilizobaki, na kila moja inatakiwa kufika karibu asilimia 107, jambo lisilowezekana. Ili zisivuke 85 baada ya kumpoteza mwenzao, seva hizo 4 hazipaswi kuzidi takriban asilimia 63 siku za kawaida. Seva zikiwa 3 tu hakuna pa kujazia kabisa, na klasta itabaki na upungufu mpaka seva irudi.

Kwa matengenezo mafupi, weka alama ya noout, inayoizuia Ceph isihesabu diski kuwa imeondoka, kabla ya kuzima seva, kwa sababu baada ya sekunde 600 Ceph huichukulia diski isiyojibu kuwa imeondoka na huanza kuhamisha data bure. Seva ikirudi, ondoa alama hiyo. Mimi niliwahi kuisahau kwa wiki kadhaa. Onyo la njano lilikuwapo siku zote na tukalizoea, hadi diski halisi ilipokufa na hakuna aliyeshangaa kuona onyo la njano.

Ikiwa Ceph haina onyo lolote lakini hifadhidata za wateja zinalalamika, pima kwa fio, zana ya kupima kasi ya diski, uandishi wa vipande vya kilobaiti 4, kimoja baada ya kingine, kwa kulazimisha fsync, yaani uandishi wa kweli kwenye diski, kila mara. SSD za bei nafuu za kompyuta za nyumbani hung'ara kwenye jaribio la kunakili faili kubwa na huanguka hapa, kwa kuwa hazina kinga ya kupotea kwa umeme na hivyo hulazimika kuandika kweli kabla ya kujibu. Hakuna mpangilio wa programu utakaolitibu hilo. Diski hizo zibadilishwe.

Madogo yanayokera

Mashine pepe inayowaka bila ufunguo wa SSH haijafika 169.254.169.254, anwani ambayo cloud-init, programu inayoiandaa mashine inapowaka mara ya kwanza, huitumia kuchukua taarifa zake. Kagua wakala wa metadata na siri inayoshirikiwa kati ya Nova na Neutron. Mashine zinazochukua dakika nyingi kuundwa ilhali Ceph iko vizuri kwa kawaida zinatokana na taswira ya muundo wa qcow2, ambayo lazima ipakuliwe na kubadilishwa kila inapotumika. Ihifadhi kama raw, na Ceph itatengeneza nakala papo hapo. Mashine zinazotambaa bila sababu huenda zinaigizwa na QEMU tupu, yaani kwa programu pekee bila msaada wa CPU: tafuta vmx au svm kwenye /proc/cpuinfo, na usipoyaona, ingia kwenye BIOS uwashe uwezo huo. Na mashine inayokataa kuhamishwa ikiwa hai kutoka seva mpya kwenda ya zamani inalalamikia CPU; seva za vizazi tofauti zinahitaji aina moja ya CPU iliyotajwa kwenye Nova, na ni ile ambayo seva kongwe kuliko zote inaimudu.